Triga nzito na triga inayokwaruza ni mambo mawili

*Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga na pampu za maji hapa Dodoma, nina miaka 43. Mwaka jana nilinunua kihalali rivolva iliyotumika, Smith & Wesson ya .38 yenye matundu sita, kwa sababu nasafiri na fedha za mauzo ya alizeti kutoka Kongwa na Mpwapwa. Leseni ninayo. Tatizo ni triga. Ni nzito mno, na katikati ya safari yake inakwaruza kama gia iliyoingia mchanga. Nikiivuta moja kwa moja bila kukokea nyundo, yaani bila kuivuta nyundo nyuma kwa gumba kwanza, mkono unatetemeka na risasi zinapiga chini kushoto. Nimeangalia video za Wamarekani: wanafungua ubavu, wanakata springi mizunguko miwili, wanasugua meno kwa msasa laini, na triga inateleza kama mlenda. Nina tupa ndogo, mawe ya kunolea, bisibisi na subira, na kazi za namna hii nazipenda. Nianzie wapi, na nisiguse nini?*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza namna ya kuifanya triga iwe nyepesi, lakini dalili ulizozieleza ni za triga inayokwaruza. Ukiuchanganya uzito na mkwaruzo utakata springi isiyo na kosa, na uchafu wenye kosa utaubakiza humo humo ndani. Kwa hiyo nitavitenganisha vitu hivi viwili kabla hujashika bisibisi.

Sheria kwanza, maana hapo ndipo video za Marekani zinapokupotosha. Kule mtu anaweza kukaa mezani kwake na kuchonga triga ya bastola yake kama anavyochonga mwiko. Hapa kwetu sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 imetenganisha kumiliki na kutengeneza. Leseni uliyonayo ni ya kumiliki. Ukarabati wa silaha una leseni yake, na hupewa fundi anayejulikana kwa polisi. Kusafisha silaha yako, kuipaka mafuta na kuitunza ni wajibu wako. Kufungua ubavu wake na kubadili umbo la vyuma vya ndani si kazi yako, hata kama mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Sikwambii hivi nikufungie mlango. Utaona mbele kwamba sehemu kubwa ya unachokitafuta inapatikana upande wa kusafisha.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Ukiivuta triga ya rivolva bila kukokea nyundo, kidole kimoja kinafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Kinashusha kile kizuizi kidogo kilicho chini ya silinda, ile pini inayoingia kwenye vidimbwi vya ubavuni mwa silinda na kuishikilia isizunguke. Kinapandisha chuma chembamba ambacho mafundi tunakiita kidole, nacho kinasukuma meno ya nyuma ya silinda mpaka tundu linalofuata likae sawasawa na mtutu. Kinairudisha nyundo nyuma na kuikandamiza springi kuu. Na muda huo wote kinapambana na springi nyingine iliyo nyuma yake, ya kuirudisha triga mbele ukiachia. Mwisho wa safari nyundo inateleza kutoka kwenye jino la triga, inaruka mbele, inapiga fataki ya risasi.

Ndiyo maana rivolva nyingi zinazotoka kiwandani zinadai nguvu ya takriban kilo 4.5 hadi 5.5 kwa mvuto wa moja kwa moja. Ukikokea nyundo kwa gumba kwanza, kazi tatu kati ya zile nne zinakuwa zimekwisha, na triga inabaki kudai kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Ile ya kwako kuwa nzito, kwa hiyo, huenda si ugonjwa. Unaweza hata kuipima silaha ikiwa tupu: chukua mzani wa springi wa kuning'iniza, kama ule wa wauza samaki, ning'iniza ndoano yake katikati ya triga, uvute pole pole kwenda nyuma, sambamba na mtutu, huku ukisoma mshale. Ikiwa kwenye kilo tano, bastola yako inafanya kile ilichotengenezwa kufanya. Ikikaribia saba au nane, kuna kitu kinaibana, na hapo springi haina hatia.

Uzito huo una faida mbili. Ya kwanza ni fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali inayowaka kwa kishindo, na kishindo hicho kinatokana na kasi ya nyundo, na kasi ya nyundo inatokana na springi kuu. Nikiwa na mashaka na rivolva huwa naokota ganda lililopigwa nayo, nalielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Fataki iliyopigwa vizuri ina kidimbwi cha mviringo, kimezama katikati, kingo zake laini. Iliyopigwa na springi iliyolegezwa ina alama ya juu juu, kama kucha iliyobonyeza nta. Risasi hiyo imefyatuka kwa bahati. Ya tano au ya sita inaweza kukataa, nawe unaibeba silaha hiyo kwa ajili ya siku moja ambayo hutaki ifike.

Faida ya pili ni usalama wako mwenyewe. Rivolva ya namna yako haina kile kitufe cha kufungia triga ambacho watu wamekizoea kwenye bastola nyingine. Kinachozuia kidole kilichoshtuka kisiue mtu ni ule urefu wa safari ya triga na uzito wake. Mtu aliyeamka usingizini kwa kelele, jasho mkononi, anauhitaji uzito huo kuliko anavyojua.

Kuhusu kukata springi mizunguko miwili, inawezekana kabisa video uliyoiangalia ilikuwa ya silaha nyingine. Rivolva ya Smith & Wesson ya ukubwa wa kati, yenye matundu sita, kwa kawaida ina springi kuu bapa, chuma kirefu kilichopinda kama upinde ndani ya mpini. Haina mizunguko ya kukata. Yenye mizunguko ni ile ndogo ya kurudishia triga. Ukiikata hiyo, triga itakuwa nyepesi kweli mwanzoni, lakini itarudi mbele kwa uvivu. Siku ya haraka utaivuta mara ya pili kabla haijarudi yote, na silinda haitazunguka. Unabaki umeshika chuma.

Wapo pia wanaolegeza skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini, karibu na chini. Skrubu hiyo ndiyo inayoikaza springi bapa, na kuilegeza ni hila ya zamani sana. Rivolva zilizotumika mara nyingi zinakuja na skrubu hiyo imelegezwa na mmiliki wa kabla, na mmiliki mpya anashangaa kwa nini risasi mbili kati ya sita hazilii. Kama ya kwako imelegea, nenda ikakazwe mpaka mwisho, hata kama triga itaongezeka uzito. Nafasi ya skrubu hiyo ni moja tu, imekazwa.

Linaloniogopesha zaidi ni meno na msasa. Triga na nyundo za silaha hizi zimetiwa ngozi ngumu kiwandani. Ndani ni chuma cha kawaida kinachostahimili mtikisiko, juu kuna tabaka jembamba gumu linalostahimili msuguano. Wewe umeona kitu hicho hicho kwenye gia za mashine zako. Ukilivua tabaka hilo kwa tupa au msasa, jino litaonekana linang'aa na litateleza vizuri kwa wiki kadhaa, halafu chuma laini cha chini kinaanza kulika. Na tatizo si ngozi tu. Jino la triga na pengo la nyundo vinashikana kwa pembe. Pembe hiyo ikibadilika kwa kiasi ambacho macho hayakioni, nyundo iliyokokewa inabaki imening'inia ukingoni. Msasa uliozungushiwa kidole hauwezi kulinda pembe. Unaviringisha kila ukingo unaopita.

Niliwahi kuletewa rivolva ya mfanyabiashara mmoja, tena ameipenda sana, akaniambia imelainishwa na kijana mwenye mikono mizuri. Niliifungua silinda, nikahakikisha ni tupu, nikakokea nyundo, nikaielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyo chini ya meza yangu. Kisha nikaweka gumba nyuma ya nyundo nikaisukuma mbele, bila kugusa triga. Ikaanguka. Nikarudia mara tatu, ikaanguka mara tatu, kwa nguvu ya gumba ninayotumia kubandika stempu. Alikuwa ametembea nayo kiunoni miezi mitatu, kwenye barabara ya vumbi na mashimo. Alikaa kwenye benchi langu akanyamaza muda mrefu. Triga na nyundo havikutengenezeka. Ilibidi vipya vitafutwe, na vilimgharimu kuliko alivyotarajia.

Jaribio hilo la gumba unaweza kulifanya mwenyewe kwa silaha tupu, na nakuomba ulifanye wiki hii, maana hujui mikono iliyopita kabla yako. Nyundo iliyokokewa ikianguka kwa kusukumwa, acha kuibeba siku hiyo hiyo.

Kuna kipande kingine ambacho wapenzi wa kulainisha hukitoa wakidhani kimezidi. Ni bati jembamba linalokaa kati ya nyundo na mwili wa silaha, nalo huondoka njiani pale tu triga inapovutwa mpaka mwisho. Kazi yake ni kuzuia nyundo isiifikie fataki kama bastola imeanguka. Linasugua kidogo, kwa hiyo ukilitoa triga inakuwa nafuu kidogo. Mwaka 1944, katika jeshi la majini la Marekani, rivolva ya kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza ya kwako ilianguka sakafuni melini, ikafyatuka, ikaua baharia. Ilikuwa na kinga ya aina ya zamani, na kinga hiyo haikufanya kazi. Kiwanda kikabuni bati jipya haraka, na muundo huo ndio ulioendelea kwenye rivolva zao miaka yote iliyofuata. Ndani ya silaha yako kuna kipande kilichozaliwa na kifo cha mtu. Kiache.

Sasa turudi kwenye mkwaruzo, ambao ndio ugonjwa wako halisi.

Hapa Dodoma adui wa triga ana jina, naye ni vumbi lililokutana na mafuta. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba zije, upepo wetu unabeba udongo mwekundu mwembamba kuliko unga wa mtama, na wewe unapita nao njia ya Kongwa dirisha likiwa wazi. Nilipofungua rivolva ya mwisho iliyokuwa na malalamiko kama yako, kifuniko cha ubavu kilinyanyuka kwa kunata, kama kifuniko cha chupa ya asali. Ndani, mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda rangi ya kahawia, na vumbi limezama humo likageuka kuwa aina fulani ya msasa wa maji. Nilikwangua kwa kijiti cha meno karibu na kitelezi cha springi ya triga, kikatoka na donge kama gamu ya maembe. Niliosha, nikakausha, nikaweka mafuta matone manne. Sikugusa jino, sikugusa springi. Mwenyewe alipoivuta aliniuliza nimebadilisha kipuri gani.

Kabla hujaanza kusafisha, isikilize silaha ikueleze pa kwenda. Itoe risasi zote, sukuma fimbo ya kutolea maganda, pitisha kidole cha mwisho kwenye kila tundu, moja mpaka sita. Risasi zipeleke chumba kingine, mpe mtu akae nazo au zifungie. Rudi, hesabu tena. Weka ndoo ya mchanga mbele yako na uielekeze silaha humo. Sasa vuta triga pole pole sana, kwa sekunde tano hivi kwa kila mvuto, huku umefumba macho. Fanya mara sita uzunguke silinda nzima, kisha mara sita tena.

Kama mkwaruzo ni ule ule kwenye matundu yote sita, chanzo kipo ndani ya ubavu, na mara nyingi ni uchafu. Kama unajitokeza kwenye tundu moja au mawili tu, na kila mzunguko ni yale yale, chanzo kipo kwenye silinda: uchafu chini ya ile nyota inayosukuma maganda, jino moja la nyuma lililoumia, au fimbo iliyopinda. Fungua silinda uizungushe kwa kidole huku ukiangalia ncha ya fimbo. Inatakiwa itulie mahali pamoja kama ekseli nzima. Ikiyumba kama gurudumu la baiskeli lililopigwa na jiwe, fimbo imepinda, mara nyingi kwa mtu aliyezoea kufunga silinda kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama kwenye sinema. Kuinyoosha ni kazi ya fundi mwenye kifaa.

Na kama uzito unaongezeka tu kuelekea mwisho wa mvuto bila kukwaruza, huo ni umbile. Rivolva za zamani za Colt zinajulikana kwa tabia hiyo, kwa sababu ya springi yake kuu iliyokunjwa kama herufi V. Ya Smith & Wesson inatakiwa iende kwa uzito unaokaribia kulingana kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Usafi wa mmiliki unaanzia chini ya nyota. Hapo baruti iliyoungua na punje za baruti ambazo hazikuungua zinajibana, na punje moja tu inatosha kuinyanyua nyota mpaka silinda ikasugua nyuma. Sukuma fimbo, nyota itoke, piga mswaki wa meno wa zamani chini yake na kwenye kiti chake. Sugua uso wa mbele wa silinda na ule mwanya mwembamba kati yake na mtutu. Safisha mkono unaoibeba silinda inapofunguka. Angalia pia kama fimbo yenyewe imelegea kwenye nyuzi zake. Ikifunguka kidogo inakuwa ndefu, na silinda inaanza kubana.

Mafuta ya taa yanafaa kuoshea, lakini yafutwe yote, yakauke, maana hayalindi chuma. Petroli usiiguse, inawaka na inakiacha chuma kikiwa uchi. Mafuta ya kula nayo hapana. Yanaganda, na harufu yake inaita sisimizi ndani ya mpini. Nimewakuta kwa macho yangu. Mafuta ya cherehani ni mepesi na yanatosha: tone moja kwenye mkono wa silinda, tone moja mbele ya nyundo pale inapoingia mwilini, tone moja nyuma ya triga, kisha ifyatue ikiwa tupu mara kadhaa kwenye ndoo na ufute kilichotoka. Usizidishe. Kwa vumbi letu, mafuta mengi ni gundi. Matundu ya silinda yaache makavu kabisa. Mafuta yanapenya pembeni ya fataki na kuiua risasi taratibu bila wewe kujua. Na usiihifadhi silaha ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya unyevu wa jasho na kuutunza dhidi ya chuma, na kutu ya upande wa ndani inaanzia hapo.

Usifungue kifuniko cha ubavu. Najua bisibisi unayo. Skrubu za rivolva zina mifereji ya kuta zilizo sambamba, na bisibisi ya kawaida ina ncha iliyochongwa kama kabari, kwa hiyo inapanda juu na kuukata mfereji. Kifuniko chenyewe kimechongwa kikae bila hata nafasi ya unywele. Mtu akikichokonoa kwa ncha ya kitu, kinapinda ukingo na hakikai tena, halafu ubavu uliopinda unazibana sehemu za ndani, na triga inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kuna tiba nyingine isiyo na gharama, nayo ni kuivuta. Vyuma viwili vigumu vinavyoteleza pamoja mara elfu mbili au tatu vinajisugua vyenyewe, kwenye sehemu zile zile zinazokutana na kwa pembe ile ile. Hakuna tupa inayoweza hivyo. Rivolva ya kisasa ya .38 inavumilia kufyatuliwa tupu, ingawa ni vizuri zaidi ukitumia risasi bandia za mazoezi zenye fataki ya mpira. Waulize wauzaji wenye leseni. Usijitengenezee kutoka kwenye risasi hai, na silaha ya .22 au ya zamani sana usiifyatue tupu kabisa, maana pini yake inagonga chuma. Mivuto hamsini kila jioni, silaha tupu, ndoo ya mchanga mbele, na kwa mwezi na nusu utakuwa umepita elfu mbili. Kidole chako nacho kitakuwa kimepata nguvu, na hapo tunafika kwenye hizo risasi zako za chini kushoto.

Kwa mtu wa mkono wa kulia, kupiga chini kushoto karibu kila mara ni mkono. Unapofika pale pagumu unaikamua triga kwa mkono mzima, vidole vyote vinafunga, na mtutu unainama kuelekea vidole. Kwa mvuto mrefu wa rivolva usitumie ncha ya kidole. Ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza kikae juu ya triga. Angalia pia mpini. Ukiwa mnene kuliko kiganja chako, kidole hakifiki na unajikuta unavuta kwa pembeni. Kubadilisha mpini wa mbao ukapata mwembamba zaidi kunaweza kukupa kile ulichotaka kukipata kwa tupa. Ukiwa kwenye mazoezi, mwombe mwenzako akuwekee sarafu juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, silaha ikiwa tupu. Vuta mpaka nyundo ianguke na sarafu ibaki. Mwanzoni itaanguka. Endelea.

Ukishasafisha na kuizoeza kwa mwezi mzima na mkwaruzo bado upo, mpeleke mgonjwa hospitali. Anzia ofisi ya polisi ya wilaya iliyoshughulikia leseni yako. Wao wanajua ni nani anaruhusiwa kutengeneza, na watakueleza utaratibu wa kuisafirisha. Ukifika kwa fundi, usimwambie "ilainishe". Neno hilo ndilo linalowatia mafundi wavivu mikono kwenye springi. Mwambie aifungue, aioshe, aondoe vinyweleo vya chuma vilivyobaki ndani ya mwili na kwenye kitelezi, ang'arishe ubavu wa vyuma vinavyopita karibu na ukuta, asiguse meno, asipunguze springi. Fundi anayejua atatabasamu. Akikujibu kwamba kwa dakika ishirini ataifanya ipigwe kwa pumzi, shukuru na uondoke nayo.

Akikurudishia, fanya mbele yake lile jaribio la gumba. Vuta triga uachie pole pole uone kama inarudi mbele yenyewe mpaka mwisho, hata mtutu ukiangalia juu. Kokea nyundo taratibu kwenye kila tundu, usikilize kizuizi kikiingia kwenye kidimbwi chake kabla nyundo haijafika mwisho. Tundu ambalo nyundo imekwisha kukaa na silinda bado haijafungwa ni tundu ambalo risasi yake itakwaruza mlango wa mtutu, na vipande vya risasi vitaruka pembeni usoni mwako. Kisha mkapige naye kwenye uwanja unaoruhusiwa, risasi hamsini za aina ile ile unayobeba, kwa mvuto wa moja kwa moja. Moja ikikataa, hesabu sekunde thelathini mtutu ukiwa umeelekea salama kabla hujafungua silinda, kwa sababu fataki inaweza kuchelewa. Na kwa silaha ya kujilinda, hiyo moja inatosha kusema kazi haijaisha.

Kuna dalili ambazo hazisubiri mwezi wa mazoezi: nyundo inayoanguka kwa gumba, triga inayokwama nyuma, silinda isiyojifunga, vipande vya risasi vinavyokurukia, au ufa wowote kwenye mlango wa mtutu. Ukiona moja kati ya hizo, itoe risasi, ifungie, na usiivute tena hata mara moja mpaka fundi aione.

Hiyo subira uliyonayo na huo mkono wa mashine ninavitamani kwa vijana wengi wanaonijia, na vina kazi hapa hapa. Leo jioni, ukishamaliza kuhesabu matundu, andika kwenye karatasi namba moja mpaka sita. Tundu la kwanza lipe alama kwa chaki pembeni. Vuta kwa macho yaliyofumbwa, na kila ukisikia mkwaruzo andika ni tundu gani na ni mwanzo, katikati au mwisho wa safari. Fanya tena baada ya kusafisha chini ya nyota, na tena baada ya wiki mbili. Karatasi hiyo mpelekee fundi pamoja na silaha. Itampunguzia kazi ya kubahatisha, na ataanzia mahali penyewe.